Dodoma inaweza kulea mameneja bidhaa, ila si kwa njia tunayoifuata

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, na zana nyingine za akili mnemba zikaifuata, kuandika programu ya kompyuta si kazi ya kutisha tena. Mwanafunzi wa mwaka wa pili pale CIVE, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dodoma, anaweza kulala na wazo na kuamka na programu inayofunguka kwenye simu yake. Kutokana na hali hiyo, vijana wanaotamani kuwa mameneja bidhaa katika teknolojia, yaani wale wanaoamua mfumo upi utengenezwe, kwa ajili ya nani, kipi kianze na kipi kiachwe, wanapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza unasema kazi hiyo inakufa, kwa kuwa kila mtu sasa anaweza kujitengenezea anachotaka. Wa pili unasema ndiyo kazi ya kukimbilia, kwa kuwa haidai kujua kuandika programu: soma kozi ya wiki chache mtandaoni, pata cheti, panda treni ushuke Dar es Salaam, au jaribu bahati yako kwa kampuni ya nje inayoajiri watu wa kufanya kazi wakiwa nyumbani.

Naamini ushauri wote wawili unaielewa vibaya kazi yenyewe, na unamfanya kijana wa Dodoma aipe kisogo nafasi iliyo karibu naye. Kadiri gharama ya kuandika programu inavyoshuka, ndivyo thamani ya kujua programu ipi inastahili kuandikwa inavyopanda. Ujuzi huo hujengeka kwa kukaa na mtumiaji muda mrefu na kubeba lawama pale mfumo unapomkwamisha, na hakuna cheti kinachoweza kuchukua nafasi ya hayo. Dodoma ni mji wa wizara na mifumo ya serikali, uliozungukwa na wakulima na wafugaji wanaoitumia mifumo hiyo kwa shida na kwa ujanja mwingi. Watumiaji wapo, mifumo ipo. Asiyekuwepo ni mtu aliyekabidhiwa dhamana ya matokeo, na kumteua mtu wa namna hiyo hakuhitaji mtaji wa mwekezaji. Kunahitaji uamuzi wa ofisi.

Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mei 1931, Neil McElroy, kijana wa matangazo katika kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, aliandika waraka wa kurasa tatu akiomba kila sabuni ya kampuni iwe na mtu wake. Yeye alikuwa akihangaika na sabuni ya Camay, ambayo ilifunikwa na ndugu yake Ivory ndani ya kampuni hiyohiyo. Alichotaka ni mtu atakayejua sabuni yake inauzika wapi, inakwama wapi na kwa nini, aende mwenyewe madukani kuuliza, kisha arudi na mpango. Miongo kadhaa baadaye wazo hilo likaingia kwenye kampuni za programu, na hadi leo kiini chake hakijabadilika: mtu mmoja anawajibika kwa bidhaa bila kuwa bosi wa wote wanaoitengeneza. Waandishi wa programu hawako chini yake, wala wanasheria, wala watu wa mauzo. Analazimika kuwashawishi kwa anachokijua kuhusu mtumiaji. Asipokuwa na cha kuwaambia kuhusu mtumiaji, hana kazi.

Mfano ulio karibu nasi kuliko wote ni M-Pesa, na nashangaa vijana wetu wanavyosomeshwa habari za Silicon Valley bila kuupitia kwa makini. Majaribio yalifanyika Kenya mwaka 2005 kwa lengo la kumwezesha mkopaji mdogo kurejesha mkopo kwa simu. Watu wa majaribio walipokabidhiwa huduma wakaanza kuitumia kwa mambo mengine, likiwemo la kutumiana fedha wao kwa wao. Kuna wasimamizi ambao wangeliona hilo kuwa ni matumizi mabaya ya mfumo, wakaandika mwongozo wa kukataza. Waliokuwa wakiisimamia huduma hiyo waliliona kuwa ndiyo bidhaa yenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata, Aprili 2008, ikaingia Tanzania. Jina lilelile, teknolojia ileile, lakini baada ya miezi 14 ya mwanzo Kenya ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 2.7, na sisi tulikuwa na takriban 280,000. Nchi yetu ni kubwa, watu wamesambaa, mawakala walikuwa wachache na hawakusimamiwa vya kutosha, na mazoea ya kutumiana fedha yalikuwa tofauti. Ikabidi mtandao wa mawakala upangwe upya na huduma ielezwe kwa namna nyingine. Kilichoiokoa Tanzania hakikuwa programu bora kuliko ya Kenya. Ni watu waliokubali kuwa ramani ya Nairobi haiwafikishi Singida.

Halafu ikaja hatua ambayo binafsi naiona kuwa kazi safi kabisa ya umeneja bidhaa iliyowahi kufanyika nchini. Kuanzia 2014 kampuni za simu zilikubaliana mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia wa mtandao mwingine fedha moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Sehemu ngumu ya jambo hilo ilikuwa kukubaliana kanuni: nani anamlipa nani, muamala ukipotea njiani mteja amlalamikie nani, fedha zinafungwa hesabu lini. Wapinzani wa kibiashara walikaa meza moja wakapanga mambo ambayo mteja hayaoni kamwe. Mashine ya kuandika programu ungeipa kazi hiyo leo, ingekuandikia programu nzuri sana, na bado wasingekubaliana.

Sasa tuitazame Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, ukasuasua kwa miongo minne, na kuanzia 2016 serikali ikahama kwelikweli. Pamoja na watumishi na majengo ya Mtumba, uliko mji wa serikali, ikahamia pia mikono inayoshika mifumo: Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, iko hapa, wizara zinazomiliki mifumo ya malipo, ya afya, ya ardhi na ya mapato ya halmashauri ziko hapa, mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika 2023 ukichukua nafasi ya TANePS, unajadiliwa kwenye ofisi za hapa. Mtanzania asiyewahi kutumia programu yoyote ya kampuni changa ya teknolojia ameshalipia kitu kwa kontrol namba, ile namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Hizi ndizo bidhaa za kidijitali zenye watumiaji wengi zaidi nchini, na tofauti yao na bidhaa za sokoni ni moja kubwa: mtumiaji hana pa kukimbilia. Programu ya teksi ikikusumbua unahamia nyingine, na kampuni inaona mauzo yakishuka. Fomu ya serikali ikikusumbua unarudi kesho. Kwenye takwimu za mfumo utaonekana umefanikiwa kama mwingine yeyote. Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo, na ndiyo sababu nasema anayejifunzia hapa atakuwa amejifunza kwenye mazingira magumu kuliko mwenzake anayesoma grafu za mauzo.

Anayetaka kuona kisichoonekana kwenye takwimu aingie steshenari yoyote karibu na Nyerere Square asubuhi ya siku ya kazi. Mama aliyetoka Chamwino ameshika bahasha ya kaki yenye nyaraka za mwanawe. Kijana wa kaunta anamuuliza kama ana barua pepe. Hana. Anamfungulia hapohapo, na nywila anaiandika kwenye daftari la kaunta, chini ya nywila za watu wengine, ili mama akirudi isiwe tabu. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wake aliyeko Morogoro, basi anapigiwa, hapatikani, anapigiwa tena, na akipatikana muda wa namba umekwisha. Wanaanza upya. Mwishoni inatoka kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na kijana anamsomea tatu tatu huku mama akibonyeza kwenye kiswaswadu. Malipo yanapita. Kwenye seva yameandikwa maombi moja, yamekamilika.

Mfumo huo ulibuniwa kwa kudhani kuwa mwananchi ana barua pepe yake, skrini yake na faragha yake. Mtumiaji halisi ni watu wawili, mwenye shida na msaidizi wake wa kulipwa, na mara nyingine watatu, ukimhesabu mwenye laini. Meneja bidhaa akilijua hilo maamuzi yake yote yanabadilika. Anaweza kumpa msaidizi akaunti yake yenye mipaka, inayojaza bila kuhifadhi siri za mteja. Anaweza kuondoa sharti la barua pepe pale ambapo namba ya simu inatosha. Anaweza kutuma kontrol namba kwenye simu ya mlipaji badala ya kuiacha isomwe kwa sauti dukani. Tena si suala la urahisi tu: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na lile daftari la kaunta linakaa vibaya sana mbele yake. Mwandishi wa programu hawezi kulijua daftari hilo akiwa ofisini Mtumba, na akili mnemba hailijui kwa sababu hakuna aliyeiandikia. Yupo anayelijua: kijana wa steshenari. Katika orodha ya watu wanaostahili kufundishwa umeneja bidhaa, mimi ningemweka juu ya wengi wenye shahada.

Wanaopinga mtazamo huu wana hoja, na nyingine ni nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba Dodoma haina kampuni. Makao makuu ya benki na kampuni za simu yako Dar es Salaam, wawekezaji wako huko, na muhimu zaidi, watu waliokwisha kuifanya kazi hii wako huko. Ufundi wa namna hii hushikwa kwa kumtazama mwenzako akifanya: anavyokataa ombi la bosi bila kuvunja heshima, anavyoua mradi aliokuwa anaupenda. Kitabu hakifundishi hayo, na kijana anayejifunza peke yake huweza kurudia kosa moja kwa miaka. Hoja hiyo naikubali, na kwa anayepata nafasi kwenye benki au kampuni ya simu Dar es Salaam sina sababu ya kumzuia. Ninachokataa ni wazo kwamba miaka ya kabla ya nafasi hiyo ni ya kusubiri tu. Waajiri wa huko wanaletewa vyeti vingi vinavyofanana. Anayefika na maelezo ya kina ya namna watu wa Bahi au Mpwapwa wanavyolipia huduma fulani, wanakwama wapi, na jaribio dogo alilofanya kuwaondolea kikwazo kimoja, huyo anasikilizwa. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam kwenye usaili na kurudi siku hiyohiyo si habari tena.

Hoja ya pili ni ya wanaosema kazi inakufa. Hupenda kutaja Juni 2023, Brian Chesky, mkuu wa Airbnb, kampuni ya Marekani ya kupangisha malazi mtandaoni, alipowaambia wabunifu mkutanoni kuwa kampuni yake imeachana na umeneja bidhaa wa mtindo uliozoeleka, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kinachosahaulika ni alichofanya: aliiunganisha kazi hiyo na ile ya kuipeleka bidhaa sokoni, akitaka anayeamua kitengenezwe nini awe pia anajua kitaelezwaje kwa mteja. Kwa maneno mengine alirudi karibu na waraka wa McElroy. Nakubali kuna sehemu ya kazi inayokufa kweli, nayo ni ile ya ukarani: kuandika muhtasari wa vikao, kupanga tiketi za kazi kwenye programu, kupeleka ujumbe kati ya idara. Mashine inayafanya hayo vizuri. Kijana aliyejifunza hayo tu, na kozi nyingi za haraka zinafundisha hayo tu, ana sababu ya kuogopa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayotamkwa kwa kujiamini kuliko zote, ni ile ya kwamba tatizo ni watumiaji: wananchi wetu hawana elimu ya kidijitali, wapewe semina, mifumo itafanya kazi. Imesemwa hivyo mara nyingi mno hadi imekuwa kama sehemu ya itifaki ya uzinduzi. Lakini yule mama wa Chamwino anayeonekana hana elimu ya kidijitali anabonyeza *150*00# bila kutazama, anajua ni namba ngapi hadi afike kwenye kutoa pesa, anajua salio lake, na akipokea ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" anaufuta. Alijifunza lini? Hakuna aliyempeleka semina. Alijifunza kwa sababu huduma ilitatua shida aliyokuwa nayo, ilifika kwenye simu aliyokuwa nayo, na wakala alikuwa mlangoni kumsaidia mara ya kwanza. Mtu huyohuyo akishindwa kujaza fomu yako, kilichobadilika ni fomu. Anayeanza kazi hii akiwa na imani kwamba watumiaji ndio tatizo afadhali atafute kazi nyingine, kwa maana kila ushahidi utakaoletwa mbele yake atausoma kinyume.

Kasoro hiyohiyo inaingia kwenye miradi ya vyuoni. Kila mwaka kuna programu ya kumwonyesha mkulima bei ya soko. Inapendeza kwenye maonyesho, majaji wanaipigia makofi. Nenda Hombolo au Mpunguzi ukazungumze na mkulima wa zabibu uone. Bei anaijua, kwa sababu anapiga simu. Kinachomtesa ni kwamba zabibu ikishaiva haisubiri, wanunuzi wa kiwandani ni wachache, hana mahali pa baridi pa kuihifadhi, na wenzake wote wanavuna wiki ileile. Kumpa bei kwenye skrini ni kumpa habari ya hasara yake mapema kidogo. Mkulima wa alizeti wa Singida anauza mara tu baada ya kuvuna kwa kuwa ada za shule na madeni ya pembejeo havisubiri bei ipande. Kwa huyo, bidhaa yenye maana inaweza kuwa utaratibu wa mkopo mdogo unaodhaminiwa na magunia yaliyoko ghalani, na programu ikawa sehemu ndogo tu ya utaratibu huo, pengine ujumbe mfupi mmoja na sahihi ya mtunza ghala. Pale soko la mahindi la Kibaigwa, biashara inaendeshwa kwa uaminifu kati ya mkulima, dalali na mwenye lori. Ukileta programu inayomruka dalali bila kuelewa kwamba yeye ndiye anayekopesha, anayepima na anayebeba hasara mnunuzi akitoroka, umetengeneza kitu kisicho na mtumiaji. Kuacha kutengeneza ni uamuzi wa kitaaluma, na vyuo vyetu bado havitoi maksi kwa hilo. Mwanafunzi aliyekaa na wakulima mwezi mzima akarudi na ripoti kwamba programu aliyoiombea idhini haihitajiki, akaeleza kwa nini, ameonyesha umeneja bidhaa zaidi ya aliyeleta programu ya tano ya bei.

Yapo matokeo ya mawazo haya kwa kijana mmoja mmoja, na ni kwamba mlango wa kuingilia una majina ambayo hayavutii. Kwenye matangazo ya ajira za serikali utakuta Afisa TEHAMA, mtayarishaji programu, mchambuzi mifumo, msimamizi wa kanzidata. Umeneja bidhaa umejificha kwenye dawati la msaada kwa watumiaji, kwenye huduma kwa wateja, na hasa kwenye kazi ya kuzunguka halmashauri kufundisha watumishi mfumo mpya. Hao wa kuzunguka nawaheshimu sana. Wameona muuguzi wa zahanati ya Chemba akiandika kwanza kwenye karatasi kisha usiku ndipo anaingiza kwenye kompyuta, kwa sababu mchana mtandao ulikatika. Wanarudi Dodoma na maarifa ya thamani, yanaandikwa kwenye ripoti ya safari, ripoti inaambatishwa kwenye marejesho ya masurufu, na mambo yanaishia hapo. Kijana akiipata kazi ya namna hii aichukue, na aanze kutunza kumbukumbu zake: swali gani linarudiwa na watu wangapi, hatua gani wanaikimbia, wamebuni njia gani ya kuukwepa mfumo. Akiwa na hayo kwa mwaka mmoja au miwili, na akiwa amesukuma badiliko moja likatekelezwa na kupimwa, ana msingi ambao hakuna kozi inayouza. Mshahara wa ngazi hiyo si wa kampuni ya nje, na sitaki kulificha hilo.

Kwa taasisi, kinachotakiwa ni kigumu zaidi kwa kuwa kinagusa madaraka. Mfumo kwetu ni mradi: una bajeti, mkandarasi, uzinduzi, kisha unakabidhiwa na timu inatawanyika. Baada ya hapo kila mtu anautunza na hakuna anayeumiliki. Maombi ya marekebisho yanapanda ngazi za barua, na kasoro inayoweza kurekebishwa kwa siku mbili inakaa miaka. Kila huduma yenye watumiaji wengi ingekuwa na afisa mmoja anayejulikana kwa cheo, mwenye mamlaka ya kuamua mpangilio wa marekebisho na fungu dogo la kuyatekeleza, anayepimwa kwa idadi ya watu wanaomaliza bila kusaidiwa, si kwa idadi ya waliosajiliwa. Wapo watakaosema hilo litagongana na muundo wa utumishi. Litagongana, ndiyo, lakini muundo ulikwisha kurekebishwa ili kuwapokea maafisa TEHAMA wenyewe walipokuwa wapya.

Pa kuanzia pasipodai kibali kikubwa ni mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wa TEHAMA wanaopelekwa maofisini kila mwaka wengi hupewa kazi ya kufunga nyaya, kubadilisha wino wa printa na kusakinisha programu za kuzuia virusi. Mamlaka ya Serikali Mtandao tayari ina kituo cha utafiti na ubunifu hapa Dodoma kinachofanya kazi na wanafunzi, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Wiki nne za kwanza mwanafunzi akae dawati la msaada apokee simu za wananchi. Wiki mbili akae steshenari na kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, akitazama bila kusaidia. Zinazobaki aandike pendekezo la badiliko moja, kurasa mbili, alitetee mbele ya timu inayoumiliki mfumo huo, na timu ilazimike kumjibu kwa maandishi kama inakubali au inakataa, na kwa sababu gani.